Jino likinyamaza lenyewe usishangilie

Kuna sentensi moja siku hizi nikiisikia nakosa raha kabisa: "lilikuwa linaniuma balaa ila sasa hivi limepona lenyewe." Jino hilo. Limepona lenyewe. Jamani, jino lililotoboka mpaka ndani haliponi lenyewe, sio mafua yale, na ile siku linapoacha kuuma ghafla bila mtu kuligusa ndo siku ya kukimbilia kwa daktari, sio siku ya kwenda kula mishikaki.

Nasema hivi kwa sababu ya shemeji yangu. Ni mdogo wake mume wangu, anaendesha boda, anakaa kwetu hapa Tabata, na kaniruhusu niandike ila kasema jina nisiweke na ile picha aliyopigwa wodini niifute. Nimeifuta (kwenye simu ya kaka yake bado ipo, hilo watamalizana wenyewe).

Lilianza gego la chini kushoto, la pili kutoka mwisho. Tuligundua kwa sababu ya maji. Alikuwa anatembea na chupa ya maji ya barafu kwenye boda, kila baada ya dakika chache anapiga funda, hamezi, analiweka pale pembeni shavu limetuna, likishapata joto anatema anapiga lingine, abiria wanamshangaa. Chai ya asubuhi akawa haigusi, uji mpaka upoe ufanye utando juu. Usiku ndo usiseme, akijinyoosha tu linaanza kugonga, akikaa kitako linapungua, kwahiyo ikawa analala amekaa kwenye kochi TV inawaka mpaka alfajiri na bili ya umeme nalipa mimi.

Daktari alikuja kutuambia baadae kwamba hizo dalili peke yake zilitosha kujua kinachoendelea. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, imefungiwa kwenye kachumba kagumu kasikotanuka. Bakteria wakishatoboa wakafika pale ile nyama inavimba, sasa ivimbe iende wapi? Inajibana yenyewe. Ukilala damu inaongezeka kichwani, presha ndani ya kale kachumba inapanda, ndo maana jino linachachamaa usiku, hakuna aliyekuroga. Na ukifika hatua kwamba vya moto vinakuumiza halafu baridi ndo inakupa nafuu, ujue ile nyama iko njiani kufa, kuziba kwa kawaida kumeshapitwa na wakati, hapo ni ama kutibiwa mzizi ama kung'olewa.

Halafu likanyamaza. Alikuja jikoni anachekelea, "Shem, leo nipe chai ya moto." Akanywa vikombe viwili na chapati. Kumbe mshipa ndo umekufa, na kilichokufa hakiumi. Bakteria hawajaenda popote, tena sasa wamepata makazi mazuri, kachumba kamejaa nyama iliyooza, kinga ya mwili haifiki, dawa haifiki, wanashuka taratibu kwenye mzizi mpaka wanatokea chini kwenye mfupa wa taya na pale ndo usaha unakusanyika. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi mtu yuko barabarani anapakia abiria. Wengine wanaota kakipele kwenye ufizi, kanatoa usaha wenye chumvi chumvi, kanapungua, kanarudi, mtu anakaminya mbele ya kioo anaendelea na maisha.

Katikati ya hayo yote duka la dawa la mtaani lilikuwa limeshafaidi. Mtaani kwetu ukifika dirishani ukasema "jino" huulizwi hata swali moja, unafungiwa amoksilini na Flagyl, ambazo ni antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, na diklofenaki ya maumivu, na ukiwa na buku tatu unafungiwa za buku tatu. Simlaumu sana yule dada, anauza anachoombwa, na shemeji naye ni mtu wa "nipe zile za siku ile". Ila hebu tuelewane hapa maana ndo penye shida yetu kubwa. Antibayotiki inasafiri na damu. Jino lililokufa ndani halipitishi damu. Sasa dawa itafikaje? Inaweza ikatuliza uvimbe wa nje siku mbili tatu, mtu anaona amepona, vidonge vilivyobaki anamhifadhia mwenzie, na chanzo kiko palepale. Wenzetu wa Marekani, chama chao cha madaktari wa meno kilitoa mwongozo 2019 unaowaambia madaktari wenyewe kwamba mtu mzima mwenye afya yake akija na maumivu ya jino, hata kama ana kajipu kasikosambaa, na matibabu ya jino lenyewe yanapatikana, basi litibiwe jino, antibayotiki sio ya kukimbilia. Zinaingia pale kuna homa, uvimbe unatembea, mwili mzima umeshaanza kuugua. Yaani sisi tunatanguliza kitu ambacho kwa watu wengi hakihitajiki kabisa, na kinachohitajika tunakipangia mwisho wa mwezi.

Dawa za maumivu hiyo habari nyingine, hizo kunywa, kuvumilia hakuna zawadi. Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, asiye na shida ya figo, na asiye mjamzito, brufeni na paracetamol zikienda pamoja zinalituliza jino vizuri kuliko moja peke yake. Ila brufeni na diklofenaki ni ukoo mmoja, ukizichanganya unaumiza tumbo na figo bure, nafuu haiongezeki. Paracetamol usipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na usome pakiti maana vile vya mchanganyiko vingine vina paracetamol humohumo ndani na watu wanaongezea Panadol juu. Na Flagyl na bia havikai meza moja, hili nalisema kwa kijiwe chote.

Za nyumbani je? Karafuu mimi siipingi. Mafuta ya karafuu yana kitu kinaitwa yujenoli, kinatia ganzi kidogo kweli, na madaktari wa meno wenyewe wanaichanganya na unga wa zinki wanatengeneza dawa ya kuziba kwa muda, ile harufu inayokupokea mlangoni kwenye kliniki nyingi za meno ni karafuu hiyohiyo ya Pemba. Maji ya uvuguvugu na chumvi nayo sawa, yanasafisha. Ila aspirini ya kubandika kwenye ufizi inaunguza, unatoka na kidonda cheupe juu ya tatizo ulilokuwa nalo. Ugoro hapana. Na maji ya betri, jamani, kuna mtu kijiweni alimshauri shemeji kwa sura ya upole kabisa aweke tone moja la maji ya betri "liue mdudu". Ile ni asidi. Hakuna mdudu, kuna kinywa chako.

Sasa uvimbe. Ulianza Ijumaa kama kadonge chini ya taya, yeye anasema ni tezi tu. Jumamosi jioni shavu limejaa, ngozi imevutika inang'aa, na mtu wa kelele yule kakaa kimya kwenye kochi na kitambaa mkononi. Nikamuuliza unafuta nini, akanionesha tu. Mate. Alikuwa hamezi mate yake, anayafuta. Nikamwambia tunaondoka, akanijibu "Shem, ntaenda Jumatatu", ila sauti haikuwa yake, alikuwa anaongea kama ana kipande cha muhogo wa moto mdomoni. Mume wangu yuko safari, nikampigia mama mkwe Tanga maana ukiamua jambo zito bila kumshirikisha utalisikia mpaka Idd. "Shikamoo mama." Kaitikia, nikamweleza, akasema, "Mwanangu, jino likivimba haling'olewi, atakufa kwenye kiti, mkande na kitambaa cha moto kwanza linywee."

Nikamwambia sawa mama, simu nikaikata kwa adabu, nikaita bajaji.

Pale mapokezi ya hospitali ya kwanza tulikuta watu wengi, nami nimejiandaa kwa foleni. Nesi alikuwa anapita na mashine ya presha, akamwangalia mara moja akasimama. "Kaka, panua mdomo." Hakupanuka. Akamwambia weka vidole vyako viwili, kimoja juu ya kingine, upitishe katikati ya meno. Hata kimoja kiliingia kwa shida. "Toa ulimi nje." Ulimi haukutoka, na pale chini ya ulimi pameinuka pamekuwa pagumu. Akamgusa chini ya kidevu kwa vidole, akanigeukia: "Dada, huyu hakai hapa." Foleni yote tukaipita, akapimwa joto, hewa, sukari (sukari wanapima kwa sababu mwenye kisukari maambukizi yanasambaa mwilini mwake haraka zaidi), sindano ya mshipani ikaanza, na muda si mrefu tuko kwenye ambulensi kwenda Muhimbili, ambako kuna idara ya dharura tangu 2010 na ndiko waliko madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na uso.

Daktari wa zamu pale alikuwa kijana tu, mpole, akanieleza huku anavaa glovu. Mizizi ya magego ya mwisho ya chini inaishia chini kabisa kwenye taya, kwahiyo usaha ukitoboa mfupa kwa upande wa ndani unamwagikia kwenye nafasi zilizo chini ya ulimi na chini ya taya, zinajaa pande zote mbili, ulimi unasukumwa juu na nyuma, na nyuma ya ulimi ndo kuna njia ya hewa. Ni ugonjwa wa zamani, una jina la daktari wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1836, Wilhelm Friedrich von Ludwig, na kabla antibayotiki hazijakuwepo zaidi ya nusu ya waliokuwa wanaupata walikuwa wanakufa. Wanakufa kwa kukosa hewa. Sio kwa maumivu. Shemeji alikuwa anaelekea huko, upande mmoja umeshajaa na wa pili ndo unaanza.

Walimchana kidogo chini ya taya. Mimi nilikuwa nje ya pazia lakini harufu haina pazia, yaani ule usaha ulivyotoka niliinuka nikaenda kusimama dirishani. Wakamwekea kipande cha mpira cha kuendelea kutoa uchafu, wakamng'oa na lile gego hilohilo, akalazwa na dawa za mshipani. Asubuhi yake anameza mate mwenyewe. Jioni kaomba mtori.

Kwahiyo lile la "likivimba haling'olewi" nalo nililiuliza, maana nilijua nikirudi nitaulizwa mimi. Daktari akasema halijatoka hewani. Penye usaha pana asidi, na ganzi kwenye asidi haifanyi kazi vizuri, ndo maana zamani mtu akidungwa palepale penye uvimbe analia na ganzi anayo. Lakini sindano inaweza kupigwa mbali kidogo, kwenye shina la mshipa kabla haujafika penye uvimbe, au mgonjwa akalazwa usingizi kabisa kama hali ni mbaya. Na usaha ukishakuwepo unataka njia ya kutoka, kuusubiri unywee ni kuupa muda wa kutafuta njia yake. Nikamuuliza na lile la kung'oa jino la juu linapofusha macho. Akacheka. Kung'oa hakupofushi mtu, ila jino la juu lenye usaha likiachwa ndo uvimbe unaweza kupanda mpaka jichoni, na hata ndani ya kichwa. Mama mkwe nilimpelekea hii kwa sauti ya WhatsApp, kanijibu "haya".

Ninachotaka mtu ashike ni wapi pa kwenda, maana watu wanapoteza usiku mzima wanazunguka kliniki za meno zilizofungwa. Jino linauma tu, hata kama linauma la kufa mtu, hujavimba, unakula unameza: meza dawa ya maumivu, lala na mito miwili, asubuhi nenda kwa daktari wa meno, hospitali za rufaa za mikoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma za meno, na kliniki binafsi ziko kila kona ya mji. Una kauvimbe kwenye ufizi au shavu, huna homa: siku hiyohiyo, sio wiki ijayo. Lakini mdomo haufunguki, kumeza kunasumbua, mate yanatoka, sauti imebadilika, uvimbe umeshuka shingoni au umepanda jichoni, homa na kutetemeka, pumzi inabana: hiyo sio habari ya meno tena, hiyo ni dharura, nenda hospitali kubwa yenye idara ya dharura saa hiyohiyo hata kama ni saa tisa usiku. Usimlaze chali njiani, mwache akae wima. Mjamzito naye asiambiwe asubiri ajifungue, anatibiwa, aseme tu mimba ina muda gani ili wachague dawa.

Hela. Najua ndo inayowakalisha watu nyumbani. Shemeji bima hana, na siwezi kuwapa bei maana kila sehemu na yake, ila huu mpangilio haubadiliki: kuziba kakitobo kadogo ni rahisi, kung'oa hospitali ya serikali hakufilisi mtu, kutibu mzizi ndo kuna gharama maana ni kazi ya muda, eksrei, kusafisha ndani, kuziba, na mara nyingi kofia juu yake. Kulazwa na kuchanwa kunapita hizo zote. Uliza bei kabla hujakaa kwenye kiti, hakuna aibu, na uliza kama jino linaweza kuokolewa, maana kuna sehemu ukiingia tu koleo limeshatoka na wewe ni dada wa watu una jino la mbele. Halafu kwa wale wa kliniki za uchochoroni, daktari wa meno anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, cheti mara nyingi kipo ukutani, kisome wakati unasubiri.

Akishang'olewa mtu napo kuna vituko. Ile pamba unaing'ata kama nusu saa bila kuitoatoa kuichungulia. Siku ya kwanza husukutui, huvuti sigara, hunywi kwa mrija, kwa sababu lile donge la damu kwenye shimo ndo plasta yenyewe, likitoka mfupa unabaki wazi na maumivu yake yanaweza kuzidi ya jino. Maji ya chumvi kuanzia kesho yake, taratibu. Shemeji alitaka kuvuta siku hiyohiyo, nesi wa wodi akamnyang'anya pakiti mbele ya watu, nikafurahi.

Na kwa kuwa naongea na watu wa boda, jino zima likiruka kwenye ajali lishikeni upande wa juu, ule unaotafunia, msiguse mzizi wala msisugue, suuzeni haraka kama lina mchanga, kisha lirudisheni kwenye tundu lake, mkishindwa litieni kwenye maziwa ya pakiti, mkimbie kwa daktari ndani ya saa moja. Linaweza kushika tena. La mtoto la utotoni ndo halirudishwi.

Tangu arudi, kijiwe kizima kimenifanya daktari. Juzi mmoja kaja mpaka kwenye genge langu, wateja wanachagua nyanya, kapanua mdomo nimulike na tochi ya simu. Nikamulika. Gego limebaki maganda, ufizi umeshaanza kulifunika, anasema liliuma mwaka jana likaacha. Nikamwambia aende kesho asubuhi kabla hajabeba abiria wa kwanza. Kaenda kweli, mizizi yote miwili imetolewa, na sasa ananidai mafuta ya kwenda na kurudi kwa sababu eti mimi ndo niliyemtuma.